Mashine ya Gemu kutoka Igunga

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, tulipotoka misani, mjukuu wangu Magreth alinisogezea simu yake karibu na uso.

"Bibi, tazama hii."

Niliona kitu kama kabati refu jeusi la mbao, lenye kioo katikati na vijiti viwili chini ya kioo. Nikamwuliza kama ni friji.

"Mashine ya gemu. Mtu anaingiza sarafu hapa, gari linaanza kukimbia kwenye kioo, yeye analiongoza. Muda ukiisha anaingiza nyingine."

"Na asiyekuwa na nyingine?"

"Anampisha mwenzake."

Picha ile ilikuwa kwenye kundi la simu ambako watu huuza vitu vilivyotumika: makochi, pikipiki, hata milango. Magreth alikuwa amelifuatilia kundi hilo miezi mitatu akitafuta mashine za namna hiyo. Moja ilikuwa Dar es Salaam, mbali mno. Nyingine mwenyewe alitaka atumiwe fedha kwanza, na Magreth alipomwomba amtumie picha ya nyuma ya mashine, akanyamaza moja kwa moja. Lakini huyu wa sasa alikuwa Igunga, na chini ya picha aliandika: "Njoo uione ikiwaka ndipo ulipe." Niliyapenda maneno hayo. Mtu anayetaka uone kwanza amekuheshimu.

Lazima nieleze kwa nini msichana wa miaka ishirini na mitatu wa kijiji kimoja cha wilaya ya Sikonge alitaka mashine ya gemu. Magreth ana pumu. Mama yake, binti yangu, alifariki akimwacha na miaka minne, nami ndiye niliyemlea. Huku kwetu kila nyumba inalima tumbaku, na kila mwaka kuanzia mwezi wa kwanza mabani, vibanda vya kukaushia majani yake, yanawashwa moto na moshi unakaa juu ya kijiji kama blanketi mpaka Pasaka. Msimu uliopita nilimpeleka hospitali mara tatu, ya tatu midomo ikiwa ya bluu. Daktari alikuwa mpole. Alivuta kiti akakaa usawa wangu, akasema, "Bibi, msimu mwingine ndani ya moshi huo mimi siwezi kukuahidi kitu."

Kwa hiyo Magreth alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kwenda kukaa kwa mama yake mdogo Benigna, binti yangu mwingine, kule Lusu, wilaya ya Nzega, ambako hawalimi tumbaku. Ni kubadili basi mara mbili, na mimi magoti yangu yananiruhusu safari hiyo mara moja kwa mwaka, kwa shida. Ya pili, kupata kazi yake mwenyewe Sikonge mjini, ambako moshi ni kidogo, alale huko, na Jumapili aje kwangu kwa baiskeli. Mjini kulikuwa na fremu ya duka ya kupanga, ya fundi cherehani mmoja aitwaye Godbless, pembeni ya stendi. Wenye kusubiri magari hawana la kufanya. Magreth aliwatazama mwaka mzima wakikaa juu ya mizigo yao wakipiga miayo, akafikiria mashine ya gemu.

Nilimwambia, "Basi twende wote. Siwezi kukuacha uende kwa mtu wa kwenye simu peke yako."

"Bibi, ukimwona ni mwizi utamfanya nini?"

"Nitamwamkia vizuri mpaka aone aibu."

Fedha ilitoka kwenye asali ya mwisho ya marehemu mume wangu, Hilari. Alikuwa mrina asali maisha yake yote. Alipokuwa hai alimwita Magreth mke mdogo, na Magreth mpaka leo akitaka kunichokoza huniita mke mwenzangu.

*

Igunga tulifika saa saba mchana. Mwenye mashine aliitwa Abdulatifu, mzee mnene mwenye hoteli ndogo ya chai mahali malori yanapopumzika. Tulipoingia alisimama, akaniamkia shikamoo kabla hata sijakaa, ingawa nywele zake ni nyeupe kuliko zangu. Mkewe, Zabibu, alituletea wali na maziwa ya mgando bila kuulizwa, na aliposikia Magreth anakohoa vumbi la njiani alifunga dirisha la upande wa barabara. Mambo kama hayo mimi siyasahau.

"Mnatoka Sikonge?" Abdulatifu aliuliza. "Ninyi watu wa asali. Mtu wa Sikonge ukimwuzia hata kitanda, anakwenda kukitundika juu ya mti aone kama nyuki wataingia."

"Na mtu wa Igunga," nikamjibu, "ukimpa kitanda anamlaza ng'ombe juu yake."

Alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Nimekoma, bibi. Lakini hii msiitundike, ni nzito."

Aliiwasha. Kioo kikatoa rangi nyingi, na muziki kama wa harusi ukaanza. Magreth akaingiza sarafu, akanishika mkono akauweka kwenye kijiti. Gari langu likaenda moja kwa moja likagonga ukuta.

"Bibi hana leseni," Abdulatifu akasema.

Magreth alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile, kwa pumzi nzima, tangu mabani yalipowashwa.

Tulipolipa, mzee yule alituzungusha nyuma ya mashine. Mgongoni kulikuwa na ubao wenye matundu madogo madogo, safu tatu. "Hapa ndipo inapopumulia," alisema. "Msiyazibe kwa kitambaa wala karatasi. Ikikosa hewa inapata joto, inakufa." Akanitazama mimi hasa, kama anayejua kwamba bibi ndiye hufunika vitu. Nikamwahidi.

Dereva wa lori la mchele lililokuwa likienda Tabora alikubali kuibeba, na vijana wa pale wakaifunga katikati ya magunia. Kutoka Tabora tulipata gari jingine. Babu yake Hilari alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka pwani, na familia ile mpaka leo husimulia kwamba hakudondosha hata mmoja. Nilimkumbuka tulipoishusha mashine kwangu ikiwa nzima, bila hata mkwaruzo.

*

Tuliishusha kwangu kwa sababu fremu haikuwa tayari. Godbless alikuwa amemwaga sakafu mpya, na alikataa katakata tuweke kitu kizito kabla haijakauka. "Nipeni wiki mbili," alisema. "Sakafu ikipasuka mtanilaumu mimi." Wiki hizo mbili hakutaka kodi. Magreth akaenda kulala mjini kwa rafiki yake ili apake rangi kuta. Mashine ikakaa kwenye stoo ya Hilari nyuma ya nyumba, palipokuwa na mizinga yake ya magome, kamba zake, na madonge ya nta kwenye ndoo. Kwangu kuna taa ya jua tu, hivyo haikuwashwa. Ilisimama pale kimya.

Siku ya pili niliingia na kibatari kuitazama. Mbao zake zilikuwa zimepauka pembeni, na chini niliona njia ya mchwa ukutani, si mbali nayo. Nikaogopa. Ile ilikuwa pumzi ya mjukuu wangu imesimama pale, na mchwa wanakuja.

Hilari alikuwa na dawa moja kwa kila ubao: nta. Meza yetu aliipaka nta, mlango wetu, fimbo yake. Maji hayaingii, mchwa hawali, na ubao unang'aa. Nikayeyusha donge moja, nikachukua kitambaa cha kanga kuukuu, nikaipaka mashine ile kwa asubuhi nzima, polepole, kila pembe. Nikapaka na ubao wa nyuma, kuzunguka yale matundu. Niliyaacha wazi, kama nilivyoahidi. Nilipomaliza iling'aa kama kabati la sakristia, na stoo yote ikanukia kama Hilari aliporudi kutoka porini. Nilifurahi. Nilitaka Magreth aje aone.

Kesho yake simu ikaja kutoka Lusu kwamba mama mkwe wa Benigna amefariki. Nikafunga stoo, nikaacha dirisha dogo wazi ili mashine ipate hewa, nikasafiri.

Nilikaa msibani siku tisa. Benigna alinipa kitanda chake akalala chini. Aliniambia, "Mama, Magreth aje mapema. Asisubiri mpaka azidiwe." Nikamwambia kwa majivuno kwamba hatakuja, ana kazi yake Sikonge. Niliisifu mashine ile kwa wanawake wote waliokuwa wakimenya viazi.

Niliporudi nyumbani, kabla sijatua mzigo, nikasikia sauti. Ilikuwa sauti ya chini, ya wengi, isiyopumzika. Nimeishi na sauti hiyo miaka arobaini na nane. Nilisimama uani na furushi kichwani, nikajua ni nini kabla ya kuuona mlango.

Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye matundu ya mgongoni mwa mashine, safu zote tatu, kwa utaratibu kama watu wanaopokea komunyo.

Nami ni mke wa mrina asali. Kila mwaka, mvua zilipokaribia, nilimwona Hilari akiipaka nta mizinga mitupu kabla ya kuitundika, ndani na kuzunguka mlango, ili nyuki wanaohama wakinusa waseme hapa kuna nyumba. Mara nyingine mimi ndiye niliyempakia. Nilikuwa nimelifanyia sanduku lile lenye giza na matundu kila kitu ambacho mzinga hufanyiwa, katika mwezi uleule, isipokuwa kulitundika.

*

Nilimwita Venansi, mrina wa Ulyankulu, aliyekuwa rafiki wa Hilari. Wazazi wake walitoka Burundi, na yeye anapoongea hupunguza sauti kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili. Alikuja kesho yake kwa baiskeli, mwendo wa siku nzima. Magreth naye akaja kutoka mjini, rangi ya ukuta ikiwa bado kwenye vidole.

"Nitatumia moshi," Venansi alisema. "Bila moshi watatuua."

Basi Magreth hakuweza kukaa. Alikwenda kusimama barabarani, mbali, amefunga kitenge puani, akiitazama nyumba. Mimi nilisimama katikati, kati yake na stoo, bila msaada huku wala kule.

Jua likizama Venansi alifungua ubao wa nyuma. Ndani masega yalikuwa yameshajengwa, meupe, mazuri, yameshikana na nyaya na yameegemea ule mgongo mwembamba wa kioo. Alifanya kazi kwa mikono mitupu. Aliyakata taratibu, akawahamisha nyuki kwenye mzinga mmoja wa Hilari, malkia kwanza. Hakuua hata mmoja bila kulazimika. Lakini asali changa ilikuwa imetiririka kwenye vibao vya kijani vya umeme, vyenye vitu vidogo vidogo, na siafu walikuwa wameanza kuifuata.

Alipomaliza alipitisha kidole kwenye ubao, akakinusa. Akapitisha tena kuzunguka matundu. Kisha akanitazama. Hakuna mrina duniani asiyejua harufu ile ni ya nini. Nikangoja aseme.

Magreth alikuwa amekwisha kusogea mpaka mlangoni. "Mzee Venansi, kwa nini waliingia humu? Mizinga mitupu ipo pale pembeni."

Venansi alifuta kidole kwenye suruali. "Nyuki, mwanangu, hawaulizwi," alisema. "Wanapenda mbao za kigeni."

Alikataa malipo. Akachukua sega moja tu, akalifunga kwenye jani, akapanda baiskeli. Wema wake ule ulinielemea kuliko kama angenitukana.

Raymundi, fundi redio wa Sikonge, alikuja siku mbili mfululizo. Alifuta kila kibao kwa pamba na spiriti, akipuliza kama anayepoza uji wa mtoto. Siku ya tatu tuliipeleka mashine kwa guta la magurudumu matatu mpaka kwenye fremu, sakafu ikiwa imekauka, kuta zikiwa za bluu. Godbless aliacha cherehani yake akaja kutazama. Raymundi akachomeka waya.

Kioo kiliwaka. Muziki ule wa harusi ukaanza, gari likatokea kwenye barabara yake. Magreth akaingiza sarafu, akashika kijiti, gari likapinda kona ya kwanza, ya pili. Halafu mistari ikapita katikati, muziki ukavutika kama mtu anayesinzia, na harufu ya nta iliyoungua ikajaa chumba. Raymundi akachomoa waya haraka. Magreth alikuwa ameshaanza kukohoa.

"Kile kibao kikubwa kimekufa," Raymundi alisema alipotoka nje kumfuata. "Na kingine kama kile mimi sijui pa kukipata. Nisamehe, dada."

"Wewe umefanya nini cha kusamehewa?" Magreth alisema. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao.

Jioni hiyo Magreth alimpigia Abdulatifu, akamsimulia habari ya nyuki, akauliza kama ana vipuri. Hakuwa navyo. Akasema, "Niliwaambia msiitundike." Alitaka kutuchekesha, na aliposikia hatucheki akaomba radhi mara tatu. Zabibu akachukua simu akamwambia Magreth kwamba akipita Igunga asile hotelini kwa mtu mwingine.

*

Mwezi wa kumi na mbili Magreth alikaa kizingitini akiandika tangazo. Fremu alikuwa amemrudishia Godbless. Mashine ilikuwa imerudi kwangu, barazani.

"Bibi, nisaidie. Wanataka niandike hali ya kitu na sababu ya kuuza." Akasoma alichoandika: "Mashine ya gemu, haiwaki, iliingiliwa na nyuki." Akafikiri. "Watacheka. Watasema niliiweka wapi mpaka nyuki waingie."

Nilikuwa nachambua maharage. Nikaweka ungo chini.

"Andika kwamba bibi yako aliipaka nta."

Hakuinua uso.

"Niliogopa mchwa," nikasema. "Nikaipaka yote, mpaka kwenye matundu. Kama mzinga. Venansi alijua, akanisitiri. Ni mimi, Magreth. Si nyuki."

Alikaa muda mrefu simu ikiwa mkononi mpaka mwanga wake ukazimika wenyewe. Nilitamani akasirike. Kama angekasirika ningepata kitu cha kumtuliza.

"Iling'aa?" aliuliza hatimaye.

"Iling'aa sana."

"Sikuiona."

"Hukuiona. Nilitaka uje uone."

Akaiwasha simu tena. Aliandika kidogo, akafuta, akaandika. Kisha akasema, "Nimeweka namba yako, mke mwenzangu. Mimi sitakuwepo wakija kuitazama."

Hivyo ndivyo alivyoniambia kwamba anakwenda Lusu.

Aliondoka tarehe nne ya mwezi wa kwanza. Bani la kwanza, la jirani yetu Emilian, lilikuwa limepangwa kuwashwa tarehe mbili. Emilian alikuja mwenyewe kuniambia kwamba atasubiri mpaka basi la Magreth liondoke, ingawa majani yake yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Alisubiri. Nilipotoka kituoni, nikiwa bado njiani, niliuona moshi wake ukipanda juu ya miti.

Sasa watu hunipigia simu. Siku nyingine watatu. Wote wanaanza namna moja: "Habari, ile mashine bado ipo?"

Nami nawaambia ipo. Nawaambia haiwaki, na kwa nini. Wengine hukata kabla sijafika kwenye nyuki. Mmoja, wa Urambo, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nina mtu wa kunichotea maji. Mwingine akaniuliza kama ile asali ilikuwa tamu. Sikujua. Hatukuionja.

Wiki iliyopita nyuki wengine waliingia. Niliwasikia asubuhi, nikaenda nikaona wachache kwenye matundu, wakiingia na kutoka. Venansi akipita nitamwonyesha. Sijawafukuza, sina moshi wa kuwafukuzia, na moshi uliopo kijijini unatosha.

Magreth hupiga Jumapili baada ya misa. Namsikia anavyopumua kabla hajasema neno, nami husikiliza hiyo kwanza. Inapita vizuri, moja kwa moja, kama ya mtu mzima wa afya. Anasaidia kwenye shamba la mpunga la mama yake mdogo. Ananiuliza kama kuna mtu amekuja kuitazama mashine, namwambia bado. Ananiuliza kama mabani yamezimwa.

"Bado," namwambia. "Yanawaka yote."

"Basi pumzika, bibi."

Halafu hakuna anayekata, kila mmoja na simu sikioni, mpaka salio lake linapokwisha.